Kwa Nini Wagonjwa Hupangwa kwa Nasibu Katika Majaribio ya Tiba

Tiba inayoonekana kumsaidia mgonjwa inaweza kumdhuru. Hilo lilidhihirika katika jaribio la FEAST, lililoanza mwaka 2009 katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwemo Hospitali Teule ya Muheza mkoani Tanga.

Watafiti waliuliza swali moja mahsusi: je, mtoto mwenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri mwilini, kama vile miguu baridi na mapigo hafifu, akiongezewa maji mengi kwa haraka kwa dripu, hupona zaidi? Katika nchi tajiri utaratibu huo ulikuwa wa kawaida, lakini faida yake katika hospitali za Afrika ilikuwa haijathibitishwa.

Ili kupata jibu, watoto waligawanywa katika makundi matatu. Mawili yalipewa maji ya haraka ya aina mbili tofauti. La tatu, yaani kundi linganishi, halikupewa maji hayo. Watoto wote waliendelea kupata matibabu mengine yanayostahili, zikiwemo dawa za malaria na za kuua bakteria.

Daktari hakuchagua nani aingie kundi lipi. Uamuzi ulikuwa ndani ya bahasha zilizofungwa na kupewa namba, zikifunguliwa kwa mfuatano. Kama daktari angechagua, huenda angewapa dripu watoto waliozidiwa zaidi, na vifo vyao vingehesabiwa kuwa kosa la tiba. Upangaji wa nasibu huyafanya makundi yafanane, hivyo tofauti ya matokeo hutokana na tiba yenyewe.

Aidha, kwa kuwa dripu haiwezi kufichwa machoni pa muuguzi, kipimo kikuu kilikuwa vifo ndani ya saa 48, jambo lisilotegemea maoni ya mtu.

Idadi nayo ni muhimu. Jaribio lilihusisha watoto 3,141. Katika kila makundi mawili ya maji ya haraka, takribani watoto 11 kati ya 100 walifariki. Katika kundi linganishi walikuwa 7. Tofauti hiyo isingeonekana katika wodi moja, hasa kwa kuwa dalili za watoto waliopewa maji zilitangulia kupata nafuu. Januari 2011, jaribio lilisitishwa kabla ya muda wake kufuatia ushauri wa kamati huru inayofuatilia usalama wa washiriki.

Nchini Tanzania, utafiti wa afya hupaswa kuwa na kibali cha maadili, na kamati ya kitaifa ya maadili iko chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Mwananchi anayeombwa kushiriki ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa, kuuliza maswali, kukataa, na kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida.