Je, Wajua? Wasichana wa Meru Walioishtaki Polisi Wakashinda

Je, wajua kwamba mojawapo ya kesi za haki za watoto zinazotajwa sana barani Afrika iliamuliwa mjini Meru? Tarehe 11 Oktoba 2012, siku ambayo ulimwengu ulikuwa unaadhimisha kwa mara ya kwanza Siku ya Kimataifa ya Mtoto wa Kike, wasichana 11 walipeleka ombi katika Mahakama Kuu ya Meru. Wote walikuwa wamenajisiwa, baadhi yao na watu wa jamaa zao. Lakini katika kesi hii walioshtakiwa hawakuwa wanajisi. Walikuwa polisi.

Aliyetangulia katika orodha ya walalamikaji anajulikana kwa herufi mbili tu, C.K., ili kulinda jina lake. Waliosimama nao ni shirika la Ripples International, lenye makao ya Tumaini yanayowapokea wasichana walionusurika, pamoja na wanasheria wa shirika la the equality effect la Kanada. Umma uliiita kesi ya Wasichana 160, kwa sababu nyuma ya wale 11 walikuwapo wengi waliopitia makao hayo wakiwa na kisa kilekile: ripoti kupokelewa shingo upande, mashahidi kutohojiwa, familia kuombwa pesa za mafuta ya gari ndipo mshukiwa akakamatwe. Tarehe 27 Mei 2013, Jaji J. A. Makau aliamua kwamba polisi walivunja Katiba kwa kukosa kuchunguza, na kwamba uzembe wao ndio uliowapa wanajisi ujasiri wa kuamini hawatafanywa lolote. Akaamuru uchunguzi ufanywe haraka na kitaalamu. Sheria ya Makosa ya Kingono ilikuwa imepitishwa tangu 2006. Ilihitaji watoto waende kortini ndipo watu wazima waanze kuitii.

Na je, wajua kwamba mawakili wa Kenya wanaowasilisha maombi ya kikatiba hulitaja mara nyingi jina la mwanamke wa Meru? Anarita Karimi Njeru alikuwa mbunge katika miaka ya 1970, wakati wabunge wanawake walihesabika kwa vidole. Alihukumiwa katika kesi ya jinai, rufaa yake ikagonga mwamba, akarudi mahakamani akidai haki zake za kikatiba zimevunjwa. Alishindwa tena, ila katika uamuzi huo wa 1979 majaji waliweka kanuni ambayo haijaondoka: anayedai haki yake imevunjwa aseme waziwazi ni haki ipi, iko kifungu gani, na imevunjwaje. Wale wasichana 11 walifanya hivyo hasa. Walitaja usawa, utu, ulinzi dhidi ya ukatili na haki za mtoto.

Je, wajua kwamba wasichana wa Meru waliwahi kujikeketa wenyewe kwa kuasi amri? Mwaka 1956, katikati ya Hali ya Hatari ya enzi ya Mau Mau, Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru, ilipiga marufuku ukeketaji kwa msukumo wa utawala wa kikoloni. Hakuna aliyewauliza wasichana wala mama zao. Kwa muda mfupi habari zilienea, na wasichana wakaanza kuingia vichakani kwa makundi, wakinunua nyembe madukani na kukatana wao kwa wao bila ngariba. Waliitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Mwanahistoria Lynn Thomas, aliyezungumza na wengi wao walipokuwa wazee, anaeleza kwamba kati ya 1956 na 1959 zaidi ya watu 2,400 walishtakiwa kwa kukaidi marufuku hiyo, wasichana na wazazi wao. Kilichowauma ni kuambiwa kwamba hawatapewa nafasi ya kuwa wanawake kamili mbele ya jamii, na wanaume ndio waliokaa kikao kuamua.

Ndiyo maana ninaona kilichofanyika Tharaka miaka arobaini baadaye kuwa na hekima zaidi. Mwaka 1996, huko Gatunga, familia kama 30 ziliwatoa binti zao kwa tambiko jipya lililoitwa Ntanira na Mugambo, tohara ya maneno. Mashirika ya Maendeleo ya Wanawake na PATH yalisaidia kulianzisha, lakini kina mama wenyewe ndio waliolishika. Msichana alikaa ndani siku kadhaa, akafundishwa na mama wa kumlea kuhusu mwili wake, heshima na uzazi, kisha akatoka kwa nyimbo, zawadi na karamu. Kila kitu cha zamani kilikuwapo isipokuwa wembe. Kitaifa, wanawake waliokeketwa walikuwa asilimia 38 mwaka 1998 na asilimia 15 mwaka 2022. Hata hivyo Meru, Embu na Tharaka-Nithi bado zimo katika kaunti 22 ambazo serikali inazitaja kuwa zingali na tatizo hilo, ingawa sheria ya 2011 inaliharamisha kote nchini.

Je, wajua kwamba usiku wa Julai 13, 1991, wasichana 19 walikufa katika shule ya St. Kizito, Tigania, wavulana wa shule yao walipovamia bweni walilojifungia? Zaidi ya 70 walibakwa. Shule ilibadilishwa jina. Wazazi waliozika hawakubadilishiwa chochote.

Je, wajua kwamba hadi Agosti 27, 2010, Katiba ya Kenya yenyewe iliruhusu ubaguzi katika mambo ya ndoa na urithi wa kimila? Leo binti ana haki sawa na kaka yake katika shamba la baba, awe ameolewa au la. Kesi za namna hiyo hazikauki katika mahakama za Embu na Meru.

Hata katika uongozi mambo yamebadilika: mwaka 2022 kaunti za Embu na Meru zilichagua magavana wanawake kwa mara ya kwanza, Cecily Mbarire Embu na Kawira Mwangaza Meru. Mwangaza, aliyeshinda bila chama, aliondolewa na Seneti Agosti 2024, na Mahakama Kuu ikaunga mkono uamuzi huo Machi 2025.

Msomaji, ukijua mtoto au mwanamke aliyebakwa, mpeleke hospitali ya umma kwanza, kabla ya saa 72 kwisha, maana dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hazifai baada ya hapo. Asioge wala kufua. Nguo alizovaa zifungwe kwa gazeti au bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki, kwa sababu unyevu unaobaki ndani ya plastiki huharibu ushahidi. Fomu ya polisi ya P3 hutolewa bure. Nambari 1195 ni ya ukatili wa kijinsia, 116 ni ya watoto, na zote mbili hazitozi hata senti. Polisi wakikuomba pesa za mafuta ya gari, waambie kwamba Mahakama Kuu ya Meru ilishaamua kuwa kukosa kuchunguza ni kuvunja Katiba.