Maji ya Beseni Yana Kazi ya Pili

Katika nyumba nyingi za nchi yetu, hasa zile za Ukambani, Kajiado na pande nyingine zenye mvua chache, maji hufika nyumbani kwa taabu kubwa na huondoka kwa wepesi wa ajabu. Maji ya debe moja la lita 20 yana uzito wa kilo 20, bila kuhesabu debe lenyewe. Mama au mtoto huyabeba mgongoni kutoka mtoni au kisimani, pengine mwendo wa saa nzima. Yakifika huoshea sufuria mbili au miguu ya watoto, kisha humwagwa uani, na kabla ya jioni jua limekwisha yakausha. Kazi ya saa nzima imelipwa kwa matumizi ya dakika tano.

Wala asidhani msomaji aliyeko mjini kwamba shauri hili ni la watu wa mashamba peke yao. Maji mengi ya Nairobi hutoka katika bwawa la Ndakaini, kule Murang'a, lililomalizika kujengwa mwaka 1994. Mwanzoni mwa mwaka 2017 bwawa hilo lilipungua sana kwa sababu ya uhaba wa mvua, na wenyeji wa mji wakaanza kupewa maji kwa zamu. Hata hivyo, sisi makarani tunaoishi katika nyumba za kupanga huyachukua maji hayo hayo, yaliyosafishwa hata yakafaa kunywewa, tukayamwaga chooni lita 6 au 9 kila mara tunapovuta mnyororo. Choo hakijui tofauti kati ya maji safi na maji yaliyofua shati.

Jambo ninalotaka kueleza ni kwamba maji yaliyotumika bado yana kazi, lakini yapasa yashushwe kwa daraja, kutoka kazi iliyo safi kwenda kazi iliyo chafu zaidi, wala yasirudishwe juu. Mwenye nyumba akielewa daraja hizi hatahitaji mtambo wowote. Atahitaji mabeseni mawili, mfereji na uangalifu.

Daraja ya kwanza ni maji yaliyoosha mboga, mchele au maharagwe. Hayana sabuni wala mafuta, nayo hufaa kunyweshwa kuku na mbuzi, au kumwagiliwa miche michanga ya kitaluni. Kadhalika maji ya kutawadhia misikitini, ambayo hayatiwi sabuni. Ni hasara kubwa kuyapeleka shimoni ikiwa uani kuna mti unaotamani kunywa.

Daraja ya pili ni maji ya kusuuzia nguo. Maji ya suuzo la mwisho huwa karibu safi. Yafaa yawekwe kando siku ile ile na kulowekea nguo zilizo chafu zaidi, kisha baada ya hapo yapige deki sakafu ya simenti, na mwisho yasafishe sakafu ya choo au yamwagwe katika choo cha kuvuta. Hivyo maji yale yale yamefanya kazi tatu kabla ya kuondoka nyumbani.

Daraja ya tatu ni maji ya kuogea na maji ya povu la kufulia. Haya ndiyo mengi kupita yote, na hapa ndipo mkulima atakapopata faida yake. Tufanye hesabu. Tuseme nyumba ina watu sita, na kila mtu huoga kwa lita 8. Hizo ni lita 48. Nguo hufuliwa mara tatu kwa juma, lita 60 kila mara, yaani kama lita 25 kwa siku. Jumla ni lita 73. Mgomba mmoja mkubwa wakati wa kiangazi waweza kunywa lita 15 hadi 20 kwa siku bila kushiba kupita kiasi. Basi maji ya bafuni na ya kufulia yatatunza migomba minne. Simwahidi mtu shamba la nusu ekari. Mwenye kuahidi hayo hajapima maji yake. Lakini migomba minne iliyo hai mwezi wa Septemba, wakati kila kitu kimekauka, si kitu kidogo kwa mama mwenye watoto.

Njia iliyo nyepesi ni hii. Chimba shimo lenye upana wa futi tatu na kina cha futi mbili, upande wa chini wa bafu la mabati. Lijaze majani makavu, mabua ya mahindi na samadi, kisha panda migomba au mipapai pembeni mwake. Mfereji mdogo au bomba la plastiki litoke bafuni hadi shimoni, na mdomo wake ufunikwe kwa majani, ili maji yaingie chini bila kusimama juu. Wale wanaopanda nyasi za napia kwa njia ya tumbukiza wamekwisha kuwa na mashimo ya namna hii. Kilichobaki ni kuyaelekezea maji. Shimo liwe mbali na kisima, kwa uchache hatua 30, tena upande wa chini wa mteremko.

Udongo wenyewe ndio unaosafisha. Ndani yake mna vijidudu vingi visivyoonekana kwa macho, navyo hula mafuta, uchafu wa mwili na mabaki ya sabuni. Lakini havipendi kuzamishwa mchana kutwa, na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo huviua. Maji yenye dawa hiyo yapelekwe kwenye choo cha shimo.

Sabuni nayo ina hila yake. Sabuni nyingi za mche, na zaidi sabuni za unga, zina chumvi ya namna ya sodiamu, ambayo ikizidi huugandisha udongo hata maji yasipenye. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, au kingo za majani zinageuka kahawia na kukauka, ujue chumvi imezidi. Dawa yake ni kuwa na mashimo mawili na kupokezana, moja likinywa juma hili, jingine lipumzike. Maharagwe, karoti, vitunguu na miparachichi huumizwa upesi na chumvi, kwa hiyo vikae mbali. Sukuma wiki huvumilia zaidi, ila maji yamwagwe shinani, yasiguse majani, na mboga ipikwe vizuri. Mboga zinazoliwa mbichi zisipewe maji haya hata kidogo.

Maji ya vyombo vya kulia ni ya daraja ya chini kuliko ya kuogea, ingawa watu wengi hudhani kinyume chake. Mafuta na vipande vya ugali huziba udongo na kuita inzi na panya. Yapitishwe kwanza katika kikapu kikuukuu chenye nyasi kavu, na nyasi hizo zibadilishwe kila baada ya siku chache na kutupwa kwenye mboji.

Na kuna maji yasiyo na daraja yoyote: yaliyofua nepi za mtoto, yaliyomwogesha mgonjwa wa kuhara, na yaliyoosha nyama mbichi. Hayo yaende chooni moja kwa moja. Hapa sina mzaha. Kipindupindu na homa ya matumbo husafiri kwa njia hii hasa, na hakuna ndizi yenye thamani ya mtoto.

Pia maji yaliyotumika yasilazwe. Yakikaa zaidi ya siku moja, vijidudu humaliza hewa iliyomo ndani yake, na maji huanza kunuka vibaya. Yakiachwa wazi kwa siku nyingi, mbu watataga humo. Yamwagwe siku ile ile.

Wako watu werevu ambao hujaza pipa kokoto chini na mchanga juu, wakapitisha maji ya kuogea, na kuyaona yametoka meupe. Pipa hilo ni zuri kwa kuzuia nywele na povu lisizibe bomba, lakini macho hayaoni vijidudu, na maji meupe si lazima yawe maji salama. Ni kweli kwamba Windhoek, mji mkuu wa Namibia, umekuwa ukirudisha maji taka yake kuwa maji ya kunywa tangu mwaka 1968. Lakini kule kuna mtambo mkubwa, maji hupita hatua nyingi moja baada ya nyingine, na wataalamu huyapima daima. Pipa la mchanga nyuma ya jiko haliwezi kulinganishwa na kazi hiyo.

Nimesikia wazee wakisema kwamba ni aibu kula ndizi zilizonyweshwa maji ya bafuni. Nawaheshimu wazee, lakini mzee huyo huyo hutia samadi ya ng'ombe katika mahindi yake, na hula ugali kwa furaha. Linalonishangaza zaidi ni kwamba anayesema hivyo kwa kawaida si yeye abebaye debe. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa mwaka 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu za kaskazini na mashariki ya Kenya, na safari za kwenda majini zikawa ndefu zaidi na zaidi. Bwana mwenye nyumba akichimba shimo hilo Jumamosi moja, atakuwa amempunguzia bibi yake debe moja au mawili ya kumwagilia kila siku ya kiangazi.

Mvua zikianza, aufunge mfereji unaokwenda shimoni na kuyaelekeza maji ya bafuni kwenye nyasi za napia mahali pengine. Mvua itaosha chumvi katika udongo wa migomba, na shimo litajazwa tena majani na samadi kabla ya kiangazi kurudi.