Picha ya Watu Saba

Katika nyumba moja huko Luhwindja, kando ya msalaba na kalenda ya parokia, imetundikwa picha ndogo nyeusi na nyeupe ambayo pembe zake zimekwisha kuliwa na unyevu. Wanaume saba wamesimama mbele ya ukuta wa mwamba. Wote wamevaa kofia za kazi, na watatu kati yao wameshika sululu. Hakuna anayecheka. Wa pili kutoka kushoto ndiye marehemu mume wa mwenye nyumba.

Nilimwuliza, “Mama, na hawa wengine ni akina nani?”

Akaisogelea picha, akaitazama kitambo, kisha akanijibu: “Ni wenzake wa kazi, mwanangu. Majina yao aliyajua yeye.”

“Na aliyewapiga picha?”

“Mzungu wa kampuni. Alikuja, akawapanga mstari, akaenda zake. Mume wangu aliiomba picha hii, nayo ikamfikia baada ya mwaka mzima.”

Tangu siku ile maneno hayo hayanitoki moyoni. Mtu huyu aliyekuja, akapanga mstari, akaenda zake, alikuwa na kusudi gani? Na wale saba walidhani wanapigwa picha kwa ajili ya nani? Watu wengi hudhani ya kuwa kazi ya mpiga picha ni nyepesi: kusimama mahali penye mwanga, kufumba jicho moja na kubonyeza. Lakini kabla ya kubonyeza yeye amekwisha kuchagua nani aonekane na nani asionekane, nani awe na jina na nani awe “mfanyakazi” tu. Hapo ndipo penye uzito wa kazi yenyewe.

Wasomaji wa Kivu wanaijua milima ya Luhwindja, katika wilaya ya Mwenga, kusini ya Bukavu. Ni nchi ya migomba, ya ng’ombe na ya ukungu wa asubuhi. Nayo ni nchi ya dhahabu. Kampuni ya Minière des Grands Lacs iliundwa mwaka 1923 kutafuta madini ya Kivu. Mwaka 1976 makampuni kadhaa yaliunganishwa yakawa SOMINKI. Hatimaye Banro, kampuni ya Kanada, ilifungua mgodi mkubwa wa Twangiza, ulioanza kutoa dhahabu ya biashara mwaka 2012. Ili mgodi upate nafasi, jamaa nyingi zilihamishwa, na baadhi yao wakapelekwa Cinjira. Basi mlima ambao mababu waliufahamu kwa umbo lake umekatwa, na mtoto aliyezaliwa baada ya hapo hawezi kuujua ila kwa kusimuliwa. Au kwa picha, kama ipo.

Sikumkuta Luhwindja mpiga picha mwenye sifa ya dunia. Lakini swali la mama yule limemshughulisha kwa miaka mingi mtu mmoja wa Katanga, nchi nyingine ya migodi, ambako watu pia hunena Kiswahili. Jina lake ni Sammy Baloji. Alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978, akasoma mambo ya fasihi katika Chuo Kikuu cha mji huo. Mwanzoni hakuwa na nia ya kuwa mpiga picha hata kidogo. Alikuwa akichora hadithi za vikatuni, na kamera aliishika kwa ajili ya michoro tu: apige picha ya nyumba au ya mtu, kisha arudi mezani aichore. Ni jambo la kufurahisha kuona jinsi chombo kilichoajiriwa kuwa mtumishi kilivyogeuka kuwa bwana wa nyumba.

Ili kuelewa kazi yake yafaa kukumbuka jinsi Lubumbashi ilivyokuwa. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na kwa miaka sitini ilikuwa baba na mama wa watu wake: iliwapa nyumba, chakula, hospitali na shule, nayo iliwatawala tangu alfajiri hadi usiku. Mwaka 1967 serikali ya Kongo iliichukua, na baadaye ikaitwa Gécamines. Katika miaka ya 1980 shaba yake ilifika zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Kisha mambo yakaharibika. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, mitambo ikachakaa, mishahara ikakosekana miezi na miezi. Mwaka 2003, kwa mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa kazini kwa kupewa fedha za mara moja. Msomaji aliyepata kumwona baba wa nyumba akirudi mchana na bahasha ya mwisho mkononi hahitaji kuelezwa maana yake.

Baloji alikua akiyaona hayo. Alipokuwa akizunguka kupiga picha majengo ya zamani na mitambo iliyokuwa ikipata kutu, alifikia nyaraka za kampuni, na humo akakuta picha za kale zilizopigwa na Wabelgiji. Zilikuwa picha kama ile ya Luhwindja: wafanyakazi waliopangwa mstari, wanaume wenye minyororo shingoni, mabwana wa kampuni waliovaa nguo nyeupe na kusimama kwa majivuno. Zilihifadhiwa vizuri. Majina ya Waafrika ndiyo yaliyokosa kuhifadhiwa.

Mtu mwingine angezichapa katika kitabu, akaandika chini yake maneno ya kulalamika. Yeye alifanya namna nyingine. Alikwenda katika viwanda vilivyokufa akapiga picha za rangi, nyingi kwa mfuatano, akaziunganisha kwa kompyuta zikawa mandhari moja ndefu: mabati yaliyotoboka, reli zilizomezwa na majani, vilima vyeusi vya takataka za shaba. Kisha akawatoa wale watu wa zamani katika karatasi zao, mmoja mmoja, kwa uangalifu mkubwa, akawasimamisha humo wakiwa bado weusi na weupe. Kazi hiyo ya mwaka 2006 aliiita Mémoire, yaani kumbukumbu. Ukiitazama unaona wazee wamerudi kazini, lakini kazi yenyewe haipo. Wamesimama pale kama watu waliokuja kudai mshahara na kukuta ofisi imefungwa.

Je, huo si uongo? Nimesikia wengine wakiuliza hivyo, maana mpiga picha hutarajiwa aonyeshe kilichopo tu. Kwa maoni yangu, uongo ni kumdanganya mtazamaji, na hapa hadanganywi mtu: rangi zenyewe zinasema nani ni wa jana na nini ni cha leo. Baloji mwenyewe amekwisha kueleza ya kuwa hashughuliki na ukoloni kama habari ya zamani iliyopita, bali na jinsi utaratibu ule unavyoendelea mpaka sasa. Naona hilo ndilo linalomwamsha asubuhi. Wala hakuwabakiza wakubwa wa leo nyuma ya pazia, kwa sababu magofu yale hayakufanywa na Wabelgiji peke yao.

Kuna picha nyingine aliyoifufua, ambayo mimi binafsi nilipoijua sikujua kama nicheke au nilie. Ilipigwa mwaka 1929. Wanaume wawili wapo na chungu kubwa za nzi waliokufa. Wakati huo, katika vita ya kupambana na maradhi, kila mfanyakazi alitakiwa kuleta nzi 50 ndipo apewe posho yake ya chakula. Mji nao uligawanywa: katikati ya mtaa wa Wazungu na mtaa wa Waafrika uliachwa ukanda mtupu wenye upana wa mamia ya mita, kwa hesabu ya umbali ambao mbu aweza kuruka. Mwaka 2013 Baloji aliuchukua ukanda huo kutoka angani, akaziweka picha zake kando ya picha za wadudu waliohifadhiwa katika jumba la makumbusho. Hakuongeza hotuba. Mtazamaji anahesabu mwenyewe: nzi 50, sahani moja.

Kazi ya namna hii haifanywi kwa haraka, wala haifanywi na mtu mmoja aliyejitenga. Alikaa katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, pamoja na mwandishi Patrick Mudekereza, wakazichambua picha za François Michel na michoro ya Léon Dardenne, watu waliofuatana na msafara wa Charles Lemaire huko Katanga kati ya 1898 na 1900. Huko Kolwezi alipiga picha kambi za wachimbaji wa mkono, akaziweka sambamba na zile karatasi za Kichina zenye majumba ya fahari na maua ambazo watu hununua sokoni na kupamba nazo kuta za turubai. Wengi wetu tunazijua karatasi hizo. Mimi nilikuwa nikizidharau, lakini tangu hapo nimeacha. Tena yeye na wenzake walianzisha huko Lubumbashi chama cha sanaa, wakakipa jina la Kiswahili lililo rahisi kabisa: Picha. Maonyesho yao ya kwanza makubwa yalikuwa mwaka 2008. Tuzo alipata huko Bamako mwaka 2007, na nyingine za Ulaya zikafuata, lakini tusikawie hapo. Siku hizi anafanya kazi Lubumbashi na Brussels, na mwaka 2025 alitoa filamu ndefu juu ya misitu na kituo cha utafiti cha Yangambi.

Sasa nirudi Kivu, kwa maana najua msomaji wa Luhwindja aweza kusema: “Hayo ni ya wasomi. Kwetu mpiga picha ni yule kijana wa ubatizo na ndoa.” Ni kweli, nami namheshimu sana kijana huyo. Zamani za filamu alikuwa na picha 36 tu katika kamera, na kila moja alilipia yeye kwanza. Akimaliza, filamu husafiri mpaka Bukavu kusafishwa, nayo barabara ya mlimani wakati wa mvua haina huruma. Akirudi na bahasha, bwana arusi amekwisha kutumia fedha zake zote, na bibi mmoja anakataa kulipa kwa kuwa amefumba macho. Leo simu zimemnyang’anya nusu ya riziki. Hata hivyo watu bado humwita siku kubwa, kwa sababu anajua kumngoja mtoto mpaka aache kulia, na anajua kumweka babu katikati. Simu hupiga picha elfu, kisha huibiwa au huanguka majini pamoja na hizo elfu.

Wapo pia wageni. Kwa miaka mingi ya vita wapiga picha wengi wamepita Kivu na Ituri kutafuta dhahabu na machozi. Sitawahukumu kwa jumla. Marcus Bleasdale, Mwingereza, alipiga picha wachimbaji wa dhahabu huko Ituri, na mwezi wa Juni 2005 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa yake juu ya dhahabu hiyo na damu iliyomwagika kwa ajili yake. Mwaka huohuo kampuni ya Metalor ya Uswisi ilisimamisha kununua dhahabu iliyopitia Uganda. Hilo si jambo dogo. Picha ikimfikia mnunuzi mezani pake inaweza kumsumbua kuliko barua mia. Lakini yule kijana mwenye matope mpaka kifuani, aliyepigwa picha hiyo, mara nyingi haioni kamwe. Yeye naye anaweza kusema kama mama yule: alikuja, akaenda zake.

Nilipokwenda tena Luhwindja nilikuwa na kalamu ya risasi. Mama aliniruhusu niitoe picha katika fremu, polepole, kwa kuwa karatasi ilikuwa imeshikana na kioo. Nyuma yake hapakuwa na neno lolote. Tukamwita mzee mmoja jirani, aliyepata kufanya kazi mgodini ujanani mwake. Aliketi, akaishika picha mbali na macho, akaisogeza, akaomba ipelekwe mlangoni kwenye mwanga. Kisha akaanza kutaja, na mama akamrudishia kila jina kwa kuuliza ni wa ukoo gani na alioa wapi, nami nikaandika kwa herufi kubwa. Tulipata majina matano. Juu ya wa sita walibishana mpaka chai ikapoa, kwa kuwa mzee alisema ni fulani na mama alisema huyo alikuwa mrefu zaidi. Wa saba, aliye mwisho kulia, mwenye mkono begani pa mwenzake, hakuna aliyemtambua. Mzee aliomba abaki na picha hiyo hadi Jumapili, akawaonyeshe watu baada ya Misa.