Kuitafutia Gumegume Kipimo Chake

Bunduki mbili za gumegume zinaweza kutoka kwa fundi mmoja, mitutu yake ikiwa ya chuma kimoja na urefu mmoja, na bado kila moja ikataka kipimo chake. Zikijazwa baruti ileile na goroli zilezile, ya kwanza itatoboa kwenye shabaha iliyo mita 40 matundu matano yanayofunikwa na kiganja. Ya pili itayatawanya matano yake upana wa sinia. Wawindaji wa Pennsylvania, jimbo la Marekani ambalo tangu 1974 limekuwa na msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki za gumegume, wanalijua hilo vizuri. Wenye mitutu laini hushinda uwanjani kabla ya msimu, wakibadilisha baruti, goroli na vitambaa, na kuandika kila kitu daftarini. Hiyo ni fizikia ya majaribio kwa maana yake kamili, na swali lake kubwa ni dogo kwa macho: kati ya goroli na ukuta wa mtutu kuna nafasi kiasi gani, na nafasi hiyo imejazwa na nini?

Mtutu wa raifo una mifuo inayopinda kwa ndani na kuizungusha risasi ili iende ikiwa imetulia. Mtutu laini hauna mifuo hiyo. Watu waliendelea kuupenda kwa sababu unakubali goroli moja kubwa kwa mnyama mkubwa na marisau kwa ndege, bila kubadilisha chochote isipokuwa kinachoshindiliwa. Kampuni ya Hudson's Bay, iliyopewa hati yake mwaka 1670, iliuza bunduki za namna hiyo kwa Wakree na jamii nyingine za misitu ya kaskazini mwa Amerika, wakilipa kwa ngozi za wanyama. Toleo lake lililoenea sana lilikuwa na mtutu wenye kipenyo cha karibu milimita 14.7, na kilinda-kifyatulio kipana kinachopitisha kidole kilichovaa glovu nzito. Katika msitu mnene ambamo mnyama huonekana akiwa karibu, bunduki moja ya kulisha familia mwaka mzima ilikuwa na thamani kuliko bunduki ya kulenga mbali.

Ukubwa wa mitutu hiyo ulihesabiwa kwa goroli: namba 20 ni mtutu unaopokea goroli za madini ya risasi ambazo 20 kati yake zina uzito wa ratili moja, yaani gramu 454. Kwa milimita ni 15.6. Nitautumia mtutu huo katika hesabu zote zinazofuata, kwa kuwa ndio unaopendwa sana na wawindaji wa leo.

Jiwe la gumegume ni gumu kuliko chuma. Kifyatulio kikivutwa, nyundo iliyolibana huliparuza kwenye bamba la chuma na kukwangua chembe ndogo mno, ambazo hushika moto hewani kwa sababu ya joto la msuguano. Cheche hizo huangukia kwenye kifa, kibakuli kidogo kando ya mtutu chenye baruti laini, na mwali wake hupenya tundu lenye upana wa kama milimita moja na nusu hadi kwenye baruti kuu. Safari yote hiyo huchukua kati ya sehemu ya ishirini na sehemu ya kumi ya sekunde. Ni muda mfupi, lakini unatosha kabisa mpigaji kushtuliwa na mwali ulio mbele ya uso wake, akausogeza mtutu kabla goroli haijatoka.

Aliyeanza kuyapima mambo haya kwa hesabu ni Mwingereza Benjamin Robins, katika kitabu chake cha 1742 kuhusu kanuni mpya za mizinga. Alitundika kipande kizito chenye uso wa mbao kikawa pendulamu, akakipiga risasi, kisha akapima kilivyoyumba. Kwa kujua uzito wa risasi na wa pendulamu aliweza kukokotoa kasi ya risasi, jambo ambalo hakuna saa ya zama zake iliyoweza kulifanya. Matokeo yake yaliwashangaza wataalamu waliozoea kudhani kwamba hewa ni nyepesi mno kuizuia risasi. Goroli yetu ya gramu 20, ndogo kidogo kuliko mtutu wenyewe, ikiwa katika kasi ya mita 400 kwa sekunde hukabwa na hewa kwa nguvu ya takriban mara 70 ya uzito wake yenyewe. Ikifika mita 50 imeshapoteza karibu moja ya tano ya kasi yake, na zaidi ya theluthi ya nishati yake.

Robins alikwenda mbali zaidi. Alitaka kujua kwa nini risasi ya mtutu laini, hata bunduki ikiwa imefungwa isitikisike, mara huenda kushoto na mara kulia, na kwa nini njia yake hupinda zaidi kadiri inavyosonga. Alishuku mzunguko. Ili kuthibitisha, alichukua mtutu akaupinda kidogo upande wa kushoto karibu na mdomo, akasimamisha pazia za karatasi nyembamba mbele yake, na ukuta nyuma yake. Risasi ilitoboa karatasi za kwanza upande wa kushoto, kama mtu yeyote angetarajia. Kisha ikakata kona angani na kugonga ukuta upande wa kulia. Ndani ya mtutu uliopindwa ilikuwa imebingirika kwenye ukuta wa kulia, ikapata mzunguko, na mzunguko huo ndio ulioivuta kulia ilipokuwa hewani. Mwanahisabati mkubwa Leonhard Euler, aliyekitafsiri kitabu cha Robins kwa Kijerumani mwaka 1745, hakukubali maelezo ya mzunguko. Aliona kosa liko kwenye umbo la risasi. Robins ndiye aliyekuwa sahihi, ingawa nguvu hiyo leo inaitwa kwa jina la Heinrich Gustav Magnus, Mjerumani aliyeichunguza upya mwaka 1852. Kwangu mimi, jaribio la Robins la mtutu uliopindwa ndilo zuri kuliko yote katika historia ya bunduki. Anayekumbuka mpira wa adhabu wa Roberto Carlos dhidi ya Ufaransa mwaka 1997, uliotoka nje ya ukuta wa wachezaji kisha ukarudi golini, ameiona nguvu ileile ikifanya kazi.

Tofauti ni kwamba mchezaji huchagua mzunguko wake, na mtutu mlegevu hauchagui. Bunduki ya jeshi la Uingereza ya karne ya 18 ilikuwa na mtutu wa karibu milimita 19 na risasi ya milimita 17.5, ili askari aweze kushindilia haraka hata masizi yakishajaa. Nafasi iliyobaki ni kama asilimia 15 ya eneo la mtutu. Gesi ilivuja humo, na risasi iliruka kutoka ukuta hadi ukuta. Mguso wake wa mwisho karibu na mdomo ndio uliopanga ielekee wapi na izunguke vipi, na mguso huo ulibadilika kila mara. Kwa askari aliyepiga katika safu iliyobanana, akilenga safu nyingine iliyobanana, halikuwa tatizo kubwa. Kwa mwindaji mwenye mnyama mmoja mbele yake, ni tatizo lote.

Dawa yake ni kitambaa. Goroli ya milimita 15.1 ndani ya mtutu wa 15.6 huacha robo milimita kila upande. Kipande cha pamba au kitani kilichofumwa kwa kubana, chenye unene unaozidi kidogo robo hiyo na kilichopakwa mafuta ya mnyama au nta, hubonyea na kuishika goroli katikati. Gesi haivuji ovyo, na goroli hutoka bila kugonga kuta. Hapo ndipo mwindaji anapopata faida kubwa kuliko zote, na ndiyo sababu namshauri kila anayeanza ashughulikie kwanza unene wa kitambaa na kipenyo cha goroli, aiache baruti palepale. Kitambaa chenyewe hurudisha taarifa: huanguka mita chache mbele, na kikiokotwa kikiwa kimeungua katikati au kimechanika, maana yake ni chepesi mno au kimekosa mafuta. Wapo wanaotumia kizibo kizito cha nyuzi chini ya goroli badala ya kuizungushia kitambaa, na kuna mitutu inayokipenda zaidi. Hakuna kanuni ya kukujulisha mapema. Mtutu hujibu ukiulizwa.

Goroli nazo hukaguliwa. Madini safi ya risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi, na inapomiminwa kwenye kalibu kiputo cha hewa kinaweza kunaswa ndani bila kuonekana. Kiputo hicho huhamisha kitovu cha uzito, na goroli itayumba njiani hata ikitoka vizuri mtutuni. Mizani ndogo inatosha kuzitenga: zilizo nyepesi kuliko nyingine hurudishwa chunguni. Kazi ya kuyeyusha ifanyiwe penye upepo, mbali na watoto na vyombo vya chakula, kwa sababu risasi ni sumu.

Kisha baruti. Mtutu wa namba 20 wengi huuanzishia karibu gramu 4 za baruti nyeusi, wakapanda kwa theluthi ya gramu hadi karibu gramu 5, na hawavuki kikomo cha mtengenezaji hata siku moja. Kupanda zaidi hakuna tija. Kasi ya sauti ni kama mita 340 kwa sekunde, na jirani ya kasi hiyo ukinzani wa hewa hupanda ghafla, kwa hiyo sehemu kubwa ya kasi uliyoinunua kwa baruti huliwa kabla ya mita 50. Kinachobaki ni teke la begani na woga wa kufyatua. Andrew Noble na Frederick Abel, waliochunguza baruti katika miaka ya 1870, walionyesha kwamba zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi bali hubaki kuwa chumvi yabisi. Masizi hayo hunyonya maji hewani: siku yenye unyevu huwa matope, siku kavu hukauka yakawa gamba. Kwa vyovyote vile hupunguza ile nafasi tuliyoipima kwa uangalifu, ndiyo maana mtutu hupanguswa baada ya kila mlio wakati wa majaribio. Mwindaji ana sababu ya ziada: porini mlio wake wa maana ni wa kwanza, kutoka kwenye mtutu safi.

Wengi hujidanganya kwenye kusoma shabaha. Hupiga goroli tatu, zikakaribiana, wakatangaza kipimo kimepatikana. Hesabu za bahati nasibu zinakataa. Bunduki ileile, kwa kipimo kilekile, ikipiga goroli 10, umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi utakuwa kwa wastani mara moja na nusu na ushee ya ule wa goroli tatu. Matatu yaliyokaribiana yanaweza kuwa bahati tupu. Anayelinganisha vitambaa viwili kwa goroli tatu tatu hajalinganisha kitu. Apige kumi kumi, abadilishe jambo moja tu kwa wakati, na akae kwenye meza yenye mfuko wa mchanga.

Bunduki nyingi za aina hii zina nundu ya kulengea mbele tu. Nyuma hakuna kitu. Jicho lenyewe ndilo kilengeo cha nyuma. Mtutu ukiwa na urefu wa zaidi kidogo ya mita moja, jicho likipanda milimita moja goroli hupanda karibu sentimita 4 kwenye mita 50. Shavu likae palepale kwenye mbao kila mara, la sivyo daftari litajaa tofauti ambazo hazikuletwa na baruti wala kitambaa.

Afrika Mashariki tunazijua bunduki za kushindilia kwa jina la gobore, na historia yake kwetu ina sura ya kisheria. Mkataba wa Brussels wa 1890, ambao Zanzibar ilikuwa miongoni mwa waliousaini, ulizuia uingizaji wa silaha katika sehemu kubwa ya Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini, lakini ukaacha mlango kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo na baruti ya kawaida. Mawe ya gumegume yaliyochongwa Brandon, Uingereza, yaliendelea kuletwa barani hadi karne ya 20. Yote niliyoeleza hapa, hata hivyo, yanahusu mtutu uliothibitishwa. London ilikuwa na hati ya kupima mitutu tangu 1637, na Birmingham ilianzisha nyumba yake ya upimaji mwaka 1813: mtutu hufyatuliwa kwa baruti ya kupita kiasi bila mtu kuushika, na usiopasuka ndio unaopigwa muhuri. Gobore lililotengenezwa kwa bomba la maji halina muhuri huo, na hakuna kipimo kilicho salama kwake.

Hata mtutu wenye muhuri hupasuka ukikosewa. Goroli lazima ikae juu ya baruti kabisa. Ikiachwa njiani, gesi hukimbia na kuigonga kwa shinikizo linaloweza kuvimbisha au kupasua chuma. Wazoefu hutia alama kwenye mdeki, fimbo ya kushindilia, panapolingana na mdomo wa mtutu uliojazwa sawasawa, na alama hiyo hutazamwa kila mara. Baruti ya kisasa isiyo na moshi haiingii humo kwa kiasi chochote, kwa kuwa shinikizo lake halifanani na la baruti nyeusi.

Mwisho wa daftari huandikwa umbali. Eneo la moyo na mapafu ya kulungu lina upana wa kama sentimita 20. Mwindaji huirudisha shabaha nyuma mita tano tano mpaka goroli zake kumi zianze kutoka nje ya duara hilo, kisha anarudi hatua moja mbele. Kwa mitutu laini mingi iliyoshindiliwa vizuri, hapo ni kati ya mita 40 na 60. Mvuto pekee huiangusha goroli karibu sentimita 10 kwenye mita 50, na karibu nusu mita kwenye mita 100, kwa hiyo anayepiga mita 100 kwa kukisia anamjeruhi mnyama atakayekwenda kufia mbali. Akinunua kopo jipya la baruti au kitambaa cha gora jingine, huanza tena na goroli kumi, mfuko wa mchanga na ukurasa mpya.