TUCHAGUE KWA BUSARA VISIKILIZIO VYA MASIKIONI



Macho yakiuma tunakimbilia hospitali, na jino likiuma hatulali. Lakini sikio tunalikumbuka likiwa limekwisha kuharibika. Mwezi huu tungependa kujibu swali ambalo wazazi na viongozi wa kwaya wametuuliza: Je, mtu mwenye kipato cha kadiri anunue visikilizio gani vya masikioni, vipate kudumu, wala visimwachie ukiziwi? Kwa visikilizio tuna maana ya vile vidude ambavyo vijana wetu huviita iafoni. Pia tumeulizwa juu ya vile vinavyofinyangwa kulingana na sikio la mtu mmoja. Je, vina faida kweli, au ni anasa tu?

SIKIO LINAVYOFANYA KAZI

Kabla ya kwenda dukani, yafaa tulijue sikio lenyewe. Sauti huingia kwa njia ya sikio, ambayo kwa mtu mzima ina urefu wa kama sentimita 2.5, na hugonga kiwambo. Kiwambo hutikisa vijifupa vitatu vidogo sana, navyo hupeleka mtikisiko huo ndani, kwenye kiungo chenye umbo la nyumba ya konokono. Humo mna chembe hai zenye vinywele. Hizo ndizo zinazogeuza mtikisiko kuwa ujumbe wa kupelekwa kwenye ubongo.

Binadamu huzaliwa na chembe hizo kama 15,000 tu katika kila sikio. Zikifa hazioti tena. Hakuna dawa ya kumeza wala ya kudondoshea inayoweza kuzirudisha. Kelele kubwa ya muda mrefu huziua polepole, bila maumivu, na ndiyo maana kijana hashtuki. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilisema kuwa vijana zaidi ya bilioni moja ulimwenguni wamo katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza sauti kubwa mno.

AINA TATU ZA VISIKILIZIO

Kwa jumla visikilizio vinavyoingia sikioni ni vya aina tatu.

Kwanza ni vile vya plastiki ngumu vinavyokaa mlangoni mwa sikio. Vingi ni vya bei ndogo, lakini havizibi. Kelele ya nje huingia, basi mtu aliye ndani ya daladala huongeza sauti ili aishinde injini na honi. Hapo ndipo madhara huanzia.

Pili ni vile vyenye kofia laini za mpira au sponji zinazoingia kidogo ndani ya njia ya sikio. Hivi huziba vizuri zaidi, mradi kofia iwe ya ukubwa unaofaa. Vingi huuzwa pamoja na kofia za saizi tatu: ndogo, ya kati na kubwa. Watu wengi hutumia ile waliyoikuta imevalishwa na kuzitupa nyingine. Hilo ni kosa, kwa sababu hata masikio mawili ya mtu mmoja huweza kutofautiana.

Tatu ni vile vya kufinyangwa, ambavyo hutengenezwa kwa kufuata umbo la sikio la mtu mmoja tu, kama vile fundi wa meno anavyotengeneza meno ya bandia. Walioanza kuvitumia kwa wingi ni wanamuziki wa jukwaani. Huko Marekani, mwaka 1995, fundi mitambo Jerry Harvey alimtengenezea visikilizio vya namna hiyo mpiga ngoma Alex Van Halen, aliyekuwa akipiga muziki katikati ya kelele nyingi. Vikimkaa mtu sawasawa, hupunguza kelele ya nje kwa kadiri ya desibeli 20 au zaidi. Hivyo mtu huweza kusikiliza kwa sauti ndogo na bado akasikia kila noti.

Lakini ieleweke kwamba kifaa chenyewe hakimlindi mtu. Kinampa tu nafasi ya kupunguza sauti. Akiendelea kuifungua mpaka mwisho, ataumia kama mwenye visikilizio vya bei ndogo.

VINAFINYANGWAJE?

Kazi hii hufanywa na mtaalamu wa masikio au wa usikivu. Kwanza hulitazama sikio kwa kurunzi yake maalumu, na kama kuna nta nyingi huiondoa. Kisha huweka ndani kipande kidogo cha pamba au sponji chenye uzi, ili kukilinda kiwambo. Halafu huingiza silikoni laini mfano wa ugali mwepesi, na mtu hukaa kimya kama dakika tano mpaka igande. Hutolewa polepole ikiwa na sura kamili ya njia ya sikio, na sura hiyo ndiyo hupelekwa kwa watengenezaji.

Waimbaji wazingatie jambo moja. Taya linapofunguka, njia ya sikio hubadilika umbo. Kwa hiyo mwimbaji apimwe akiwa amefungua kinywa, akiuma kipande maalumu kati ya meno. Asipofanya hivyo, kifaa kitalegea kila anapoimba, na sauti nzito itapotea.

Tunawaomba sana: msijaribu kazi hii nyumbani kwa vifaa vya kununua. Silikoni ikipita bila kizuizi huweza kukwama ndani au kukidhuru kiwambo, na kuitoa huwa ni kazi ya daktari. Tena mtu mwenye usaha sikioni, mwenye kiwambo kilichotoboka, au aliyefanyiwa upasuaji wa sikio, asifinyangwe mpaka daktari amruhusu.

NANI AVINUNUE, NANI ASUBIRI?

Visikilizio kamili vya kufinyangwa si vya bei ndogo. Vile vya chini kabisa huanzia kama dola 200 za Kimarekani, na vya juu huzidi dola 1,000. Fedha hiyo huweza kuwa ada ya mtoto. Kwa hiyo tujiulize kwanza kama tunavihitaji kweli.

Wanaovihitaji ni wachache: mpiga kinanda anayekaa karibu na spika kubwa, fundi mitambo wa kwaya, au mtu ambaye kofia za kawaida hazimkai hata akizijaribu zote. Kwaya yenye waimbaji 40 haina haja ya kuchangisha fedha za kuwanunulia wote. Mara nyingi dawa iliyo bora ni kuzisogeza spika mbali na masikio ya waimbaji na kupunguza sauti ya mitambo. Hilo halina gharama.

Watoto na vijana wanaokua wasinunuliwe vya kufinyangwa kwa ajili ya muziki. Sikio lao linakua, na kifaa kitakuwa kidogo baada ya muda mfupi. Ni tofauti na mtoto mwenye shida ya kusikia. Huyo akipewa kifaa cha kusaidia kusikia, kidude chake cha sikioni ni lazima kifinyangwe, na kibadilishwe kila anapokua, bila kuchelewa. Kama familia ina fedha ya kitu kimoja tu, mtoto huyo atangulie mbele ya muziki wa kaka yake.

Kwa mwenye kipato cha kadiri iko njia ya katikati. Anunue visikilizio vizuri vya kawaida, kisha afinyangiwe kofia za silikoni peke yake za kuvalisha juu yake. Kisikilizio kikiharibika, kofia huweza kuvalishwa kingine chenye mdomo wa ukubwa uleule. Anayetaka kufinyangiwa aanze kwa kuulizia katika kliniki ya masikio, pua na koo ya hospitali ya rufaa, kama Muhimbili, KCMC au Bugando, ili aelekezwe mahali panapotolewa huduma hiyo.

MAMBO YA KUANGALIA DUKANI

Mara nyingi cha rahisi huwa ghali. Tuchukue mfano. Visikilizio vya Sh 5,000 vikifa kila baada ya miezi miwili, kwa mwaka umetumia Sh 30,000, na kwa miaka mitatu Sh 90,000. Mwenzako aliyenunua vya Sh 60,000, akabadilisha waya mara moja kwa Sh 15,000, ametumia Sh 75,000 kwa miaka hiyohiyo mitatu, na amesikia vizuri zaidi. Basi tuangalie yafuatayo:

1. Waya. Visikilizio vingi hufa kwa sababu ya waya, hasa karibu na plagi na pale unapoingia kwenye kidude. Chagua vyenye waya unaochomoka, ili ukikatika ununue waya tu. Uliza kama waya wa namna hiyo unapatikana madukani.

2. Plagi. Ile yenye shingo ya mpira unaopinda hudumu kuliko iliyo ngumu. Hakikisha pia kwamba inaingia katika simu yako, maana simu nyingi siku hizi hazina tundu la mviringo.

3. Betri. Visivyo na waya vina betri ndogo ambayo huchoka, na katika vingi haibadilishwi. Kama shida yako ni udumu, vyenye waya huwa na nafuu.

4. Jasho na mvua. Alama ya IPX4 maana yake kifaa huvumilia kurushiwa maji kutoka kila upande. Haina maana kwamba kinaweza kuzamishwa majini.

5. Nyenzo. Kwa vya kufinyangwa, silikoni ni laini na hukaa vizuri taya linapocheza, lakini huchakaa mapema zaidi. Akriliki ni ngumu, husafishika kwa urahisi, na fundi huweza kuikwangua pale inapobana. Lakini ikianguka kwenye sakafu ya saruji huweza kupasuka.

6. Dhamana. Dai risiti na waranti iliyoandikwa. Kwa vya kufinyangwa, uliza umepewa siku ngapi za kurudisha virekebishwe bila malipo, kwani si mara zote hukaa sawa kwa mara ya kwanza. Vinavyobana mpaka kuumiza si vya kuvumilia.

SAUTI IWE YA KADIRI GANI?

Shirika la Afya Duniani limetoa kipimo. Mtu mzima huweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma. Ikipanda hadi 90, muda wake ni saa 4 tu kwa juma zima. Ikifika 100 ni dakika 20 tu. Kwa watoto kipimo ni desibeli 75 kwa saa 40.

Nyumbani hatuna mashine ya kupimia, basi tufuate kanuni rahisi: sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa simu, na kila baada ya saa moja tuyapumzishe masikio. Kama aliyekaa karibu nawe anasikia muziki wako, umezidisha. Kama anakusemesha kutoka hatua moja na humsikii, umezidisha.

Tena, visikilizio vinavyoziba vizuri havifai barabarani. Mwenda kwa miguu, mwendesha baiskeli na dereva wa bodaboda wavivue, maana honi ya lori haingoji wimbo uishe.

UTUNZAJI

Kila jioni futa vidude kwa kitambaa safi kikavu. Nta iliyoziba mdomo wake itolewe kwa brashi laini, mdomo ukiwa umeelekezwa chini ili uchafu udondoke nje. Usivioshe kwa maji. Usiuzungushe waya kwa kuukaza kwenye simu, bali ukunje kwa mviringo mlegevu. Viweke katika kikopo chenye mfuniko, pamoja na kile kipakiti cha kufyonza unyevu kinachokuja na viatu vipya. Kipakiti hicho kisifikiwe na watoto. Usiviache garini juani.

Visikilizio ni kama mswaki: havichangiwi. Wanafunzi wa bweni wanaopokezana huweza kupokezana pia uchafu na vidonda vya masikio. Wala msichokonoe masikio kwa njiti, ufunguo au pini ya nywele ili visikilizio vikae vizuri. Mkifanya hivyo mnaisukuma nta ndani zaidi.

DALILI ZA HATARI

Masikio yakivuma au kulia kama nyenje baada ya muziki, hilo ni onyo. Mtu akianza kuuliza "Umesemaje?" mara kwa mara, akiongeza sauti ya redio kuliko wenzake, akitoka usaha au damu, au akipoteza usikivu ghafla katika sikio moja, asingoje. Usikivu uliopotea ghafla hutakiwa kuonwa na daktari siku ileile, maana tiba huwa na wakati wake. Asiweke mafuta ya moto, maziwa wala majani.

Ndugu wapendwa, katika Injili ya Marko sura ya 7 Bwana wetu alitia vidole vyake katika masikio ya kiziwi, akamfungua. Kanisa hulikumbuka tendo hilo katika ibada ya Ubatizo. Masikio yaliyofunguliwa tusiyafunge wenyewe kwa kelele. Wazazi, zungumzeni na vijana wenu kwa upole, tena anzeni kwa kuipunguza redio yenu ya sebuleni. Viongozi wa kwaya, VIWAWA na Utoto Mtakatifu, lisomeni jambo hili pamoja katika mikutano yenu. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. La kwako lingali hai, basi lisikie.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.