WAZO BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI



Siku hizi katika mikutano yetu hapa Mutanga Sud, mambo ya mishahara na zamu yakishakwisha, huwa linabaki swali moja. Kijana anainua mkono na kusema: "Ndugu mjumbe, mimi nina wazo la biashara ya kwenye intaneti. Nianzie wapi?" Swali hili si la mchezo. Bei ya vitu inapanda, mshahara unabaki pale pale, na kila mwenye watoto anatafuta njia ya pili ya kupata chakula. Kwa hiyo leo tulijibu swali hilo kwa maandishi, ili na ndugu zetu walioko mashambani, kwenye chai na kwenye miwa, wapate kulisoma.

Jibu letu ni fupi. Kabla hujatoa faranga moja kumlipa fundi wa kompyuta, fanya kazi mbili: lipime wazo lako, na lilinde. Kazi hizi mbili zinataka daftari, kalamu na simu ya kawaida tu. Anayeziruka hulipa baadaye, tena kwa bei kubwa.

KIJANA ALIYELIPA KABLA YA KUULIZA

Kijana mmoja wa kiwandani, ambaye jina lake tunalihifadhi, alikuwa na wazo zuri. Aliona wafanyakazi wanavyochoka jioni, kisha wanapita sokoni Cotebu kutafuta unga, maharage, ndagala na mawese. Akasema: nitatengeneza programu ya simu, mtu aagize akiwa kazini, alipe, na vijana wa baiskeli wamfikishie nyumbani. Akachukua akiba yake yote, akaongeza na mkopo wa kikundi cha akiba, akampa fundi faranga 900,000.

Programu ikatengenezwa, tena ikapendeza. Lakini wateja hawakuja. Alipotufikia tukamwuliza: "Wenzako kiwandani hununua vipi vyakula?" Akafikiri, akajibu mwenyewe. Wengi wao huchukua kwa deni katika duka la mtaani, wakalipa siku ya mshahara. Programu yake ilidai fedha mbele. Tena wengi walikuwa na simu ya vitufe, ambayo programu ile haikuweza kuingia.

Likafuata pigo la pili. Fundi alikuwa na funguo zote za programu, na jina la tovuti lilikuwa limeandikishwa kwa jina la fundi. Hapakuwa na karatasi hata moja waliyoandikiana. Kijana alipotaka kubadilisha programu, fundi alimdai fedha nyingine, na kijana hakuwa na la kumwonyesha mtu yeyote kwamba mali ile ni yake.

Ndugu msomaji, kijana yule hakuwa mjinga wala mvivu. Alifanya tu kazi ya mwisho kabla ya kazi ya kwanza.

KULIPIMA WAZO

Huenda mtu akasema kwamba kupima ni kwa wanyonge wasiokuwa na fedha. Si kweli. Hebu tuangalie M-Pesa ya Kenya, ambayo leo inajulikana dunia nzima. Nyuma yake walikuwepo Vodafone ya Uingereza na Safaricom ya Kenya, kampuni zenye uwezo mkubwa. Hata hivyo, mnamo Oktoba 2005 walianza kwa jaribio dogo huko Nairobi na Thika, kwa wateja wasiofika 500 na mawakala wanane tu. Wazo lao la kwanza lilikuwa kwamba watu waliokopa mikopo midogo kwa shirika la Faulu wawe wanairudisha kwa simu.

Jaribio likawaonyesha jambo ambalo hawakulitegemea. Watu walianza kuitumia njia ile kwa haja zao wenyewe. Wengine walitumiana fedha. Wengine waliweka fedha kwa wakala kabla ya safari na kuzitoa walikofika, ili wasiibiwe njiani. Na ule mpango wa mikopo ukaleta shida kwenye hesabu za shirika la mikopo. Basi wenyewe wakalibadilisha wazo. Mwezi Machi 2007 M-Pesa ilipofunguliwa kwa watu wote, haikutangazwa kama njia ya kulipa mikopo. Ilitangazwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Kama wangejenga kila kitu kwanza kwa kufuata wazo la mwanzo, wangejenga kitu ambacho watu hawakukihitaji sana.

Nasi tufanye hivyo kwa kipimo chetu. Mpango wenyewe ni huu:

Kwanza, uliza watu kumi au kumi na watano, wala usiwaulize kama wazo lako ni zuri. Watu wetu wana adabu. Watakuambia ni zuri, kisha hawatanunua. Waulize walichokifanya: "Mara ya mwisho ulinunua unga wapi? Ulilipa lini? Ulipata shida gani?" Majibu yaandike yote, hata yale yanayokuudhi. Hayo yanayokuudhi ndiyo yatakayookoa akiba yako.

Pili, fanya biashara ile kwa mkono kabla ya kuifanya kwa programu. Pokea maagizo kwa simu na kwa ujumbe. Pokea malipo kwa Lumicash au taslimu. Andika kwenye daftari, na mzigo upeleke wewe mwenyewe. Fanya hivyo kwa mishahara miwili, yaani miezi miwili. Programu ni mashine ya kuharakisha kazi ambayo tayari inakwenda. Kazi isiyokwenda kwa mkono, mashine haitaifufua.

Tatu, piga hesabu bila kujidanganya. Tuchukue mfano. Kila agizo linakuachia faida ya faranga 1,000. Kijana wa baiskeli anachukua 600. Ada ya kupokea fedha na vocha za simu zinachukua 150. Unabakiwa na 250. Ukipata maagizo 80 kwa mwezi, umepata faranga 20,000. Sasa jiulize: kwa fedha hizo, programu ya faranga 900,000 itajilipa lini? Gawanya 900,000 kwa 20,000, utapata miezi 45, karibu miaka minne, na hapo hujala hata faranga moja. Hesabu hiyo haihitaji shule kubwa. Mimi mwenyewe nimesoma shule ya msingi tu, na ninaiweza.

Nne, weka mpaka kabla ya kuanza. Andika: "Nikipata wateja 30, na baada ya miezi miwili wasiopungua 15 wakawa wameagiza tena, nitaendelea. Wakipungua, nitabadilisha au nitaacha." Andika wakati kichwa kimetulia. Mtu akishaingiza fedha, moyo humwambia aongeze kidogo tu, na kidogo hicho huwa ni ada ya watoto.

KULILINDA WAZO

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui, nasi lazima tuliseme wazi: sheria hailindi wazo lililo kichwani wala mdomoni. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani wa mwaka 1994 kuhusu haki za ubunifu unasema kwamba haki ya mtunzi hulinda namna wazo lilivyoelezwa, lakini wazo lenyewe haulilindi. Burundi ni mwanachama wa shirika hilo tangu 1995. Maana yake ni hii: ukiwaza "kuuza vyakula kwa simu", hakuna wa kumkataza jirani yako asiuze vyakula kwa simu.

Kinacholindwa ni nini basi? Maandishi yako, picha zako na programu yenyewe ikishaandikwa, hivyo vinalindwa na haki ya mtunzi. Hapa kwetu kuna sheria ya tarehe 30 Desemba 2005. Jina na alama ya biashara yako vinaweza kuandikishwa, na uvumbuzi mpya wa kiufundi unaweza kupewa hati, chini ya sheria ya mali ya viwanda ya tarehe 28 Julai 2009. Lakini kumbuka kwamba uvumbuzi wa kuombewa hati lazima uwe mpya. Ukiutangaza hadharani kabla ya kuomba, unaweza kuupoteza upya huo kwa mdomo wako mwenyewe. Na cha mwisho kinacholindwa ni mapatano: kile ambacho watu wawili wamekubaliana, hasa kikiandikwa.

Kuhusu mapatano, kila mfanyakazi anapaswa kuijua habari ya Nkosana Makate wa Afrika Kusini. Mwaka 2000 alikuwa mhasibu aliye bado mafunzoni katika kampuni ya simu ya Vodacom. Mchumba wake alikuwa mbali, na mara nyingi hakuwa na fedha ya kumpigia. Makate akawaza njia: mtu asiye na salio aweze kumpelekea mwenzake ujumbe wa kumwomba ampigie. Mwezi Novemba 2000 akaliandika wazo hilo na kulipeleka kwa wakubwa. Mkuu wa kutengeneza huduma mpya akakubaliana naye kwa mdomo kwamba lijaribiwe, na likifaulu atapata sehemu ya mapato. Mwaka 2001 huduma ikaanza, watu wakaipokea kwa wingi, na gazeti la ndani la kampuni likampongeza Makate kwa jina lake.

Pongezi alipata, malipo hakupata. Baadaye aliyekuwa mkurugenzi mkuu akaandika kitabuni kwamba wazo lile lilikuwa lake yeye. Makate akafungua kesi mwaka 2008. Mwaka 2014 akashindwa katika Mahakama Kuu, ingawa jaji alikubali kwamba mapatano yalikuwepo. Tarehe 26 Aprili 2016 Mahakama ya Katiba ikampa haki, ikaiamuru kampuni ijadiliane naye malipo. Mwaka 2019 akapangiwa randi milioni 47, akazikataa. Mvutano ukaendelea mahakamani hadi Novemba 2025, pande mbili zilipopatana nje ya mahakama. Hesabuni, ndugu zangu: kutoka wazo hadi mapatano ni miaka 25.

Tujifunze mambo mawili. La kwanza, Makate alisimama kwa sababu ya karatasi. Waraka wake na lile gazeti la kampuni vilikuwa mashahidi wasiosahau. La pili, aliteseka miaka mingi kwa sababu ya kile kisichoandikwa: ni sehemu gani ya mapato, nani ana mamlaka ya kuahidi, na malipo yatatolewa lini.

KWA HIYO TUFANYE NINI

Andika wazo lako kwenye daftari lenye kurasa zilizoshonwa, si karatasi moja moja. Weka tarehe, tia sahihi, na mashahidi wawili unaowaamini watie sahihi. Mwenye uwezo apeleke nakala kwa notari. Hilo halitazuia mwingine kuwaza kama wewe, lakini litaonyesha ulikuwa na nini, na tangu siku gani.

Sema kinachotosha tu. Mteja unayemwuliza jinsi anavyonunua unga hahitaji kujua mpango wako wote. Mwenye fedha unayetaka akusaidie, mpe kwanza karatasi ya kutunza siri atie sahihi, kisha mfunulie. Akikataa, pima mwenyewe.

Andikiana na fundi kabla hajagusa kompyuta. Mambo yasiyokosekana ni manne: programu ni mali ya nani, funguo na maneno ya siri yanakaa kwa nani, jina la tovuti linaandikishwa kwa jina la nani, na malipo yanatolewa kwa hatua zipi. Usimlipe yote mwanzoni.

Kama mko wengi, andikeni nani ametoa fedha, nani ametoa wazo, nani anafanya kazi, na faida itagawanywaje. Urafiki mwingi umevunjika siku faida ya kwanza ilipoingia.

Jina la biashara liandikishe mapema, katika dirisha moja la ADB, mara tu jaribio lako linapoonyesha kwamba kuna maisha. Si kabla, maana utalipia jina la kitu kisichokuwepo. Wala si baada ya kutangaza mji mzima.

NA WAZO LINALOHUSU KAZI YA MWAJIRI?

Hapa uangalifu uzidi. Katika nchi nyingi, uvumbuzi ambao mfanyakazi ameufanya katika kutimiza kazi aliyoajiriwa ni mali ya mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 inasema hivyo, ila inampa mfanyakazi haki ya malipo ya ziada pale uvumbuzi wake unapokuwa na thamani ya pekee. Kwa hiyo soma mkataba wako kwanza. Biashara yako binafsi usiifanye kwa saa za mwajiri, wala kwa kompyuta yake, wala kwa intaneti yake. Na ukiwa na wazo la kufaidisha kiwanda au shamba, usilitupe mdomoni mwa msimamizi mlangoni. Liandike, taja unachokiomba, baki na nakala iliyotiwa sahihi ya kupokelewa, na nakala nyingine mpe mjumbe wa wafanyakazi.

Yule kijana wetu tulikaa naye jioni tatu. Sasa anapokea maagizo kwa simu ya kawaida, ameongea na wenye maduka wawili wanaokubali kulipwa siku ya mshahara, na kila kitu kinaingia daftarini. Bado analipa mkopo wake. Programu atairudia siku daftari litakapojaa maagizo kuliko mkono wake unavyoweza kuandika.

Mwenye wazo na aje kwa mjumbe wa tawi lake. Aje na daftari.