Kichwa cha ujumbe kati ya ordinateri mbili

Wenzangu, ordinateri moja inaweza kuomba ingine ya mbali iifanyie kazi. Inatuma ujumbe, inangojea jibu. Lakini mbele ya maneno yenyewe kuko kichwa, sawa vile maandishi juu ya bahasha inayopanda masua ya Bukavu.

Tutazame kanuni ya ONC RPC, ambayo Sun Microsystems iliitangaza katika 1988 na ingali inatumika. Kichwa chake kinaanza na namba ya ujumbe, baiti 4. Kisha alama: 0 ni ombi, 1 ni jibu. Ombi linataja tena toleo la kanuni (ni 2), programu inayoitwa (NFS, ile ya kugawana mafaili, ni 100003), toleo lake, na kazi gani ndani yake. Nyuma kunakuja kitambulisho cha anayeomba.

Mtu atauliza: ile namba ya kwanza ni ya nini? Tuseme umeomba faili ifutwe. Inafutwa, lakini jibu linapotea njiani, na sisi wa Goma tunajua vile mtandao unakatika! Ordinateri yako inarudilia ombi kwa namba ile ile. Kama ile ya mbali haikuchunga namba, itatafuta faili, itakosa, itajibu kwamba haiko, nawe utafikiri kazi imeshindikana. Kama iliichunga, itarudisha tu jibu la kwanza. Na kama kazi ingekuwa kulipa minerval? Hapo bila namba mzazi angeweza kulipa mara mbili.